Trauti wa Siku ya Ufunguzi: Kuchagua Chambo, Spina na Nzi Bandia kwa Maziwa ya Washington

Kila mwaka, Jumamosi ya nne ya Aprili, maziwa mengi ya nyanda za chini katika jimbo la Washington, Marekani, hufunguliwa kwa uvuvi wa samaki aina ya trauti, na mengi kati yake hufungwa tena mwisho wa Oktoba. Asubuhi hiyo ukingoni utaona vifaa vya kila namna. Kuna mwenye sanduku la ghorofa tatu, na kuna mtoto mwenye kopo la nyungunyungu. Mara nyingi mtoto ndiye anayetangulia kuvuta samaki, wala si bahati. Kopo lake lina kitu kimoja tu, na kitu hicho kimekaa kwenye kina walipo samaki, huku mwenye sanduku angali anabadilisha rangi.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja: kina kwanza, kasi ya pili, rangi mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Soma kanuni za ziwa lako kabla hujanunua chochote

Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Washington hutoa kanuni za jimbo zima, kisha kanuni za ziwa mojamoja. Za ziwa ndizo zinazoamua utabeba nini. Yapo maziwa yasiyoruhusu chambo cha aina yoyote: unavua kwa chambo bandia tu, ndoana iwe ya ncha moja na isiyo na kijino cha kuzuia samaki kuchomoka, na wavu uwe wa nyuzi zisizo na mafundo. Yapo mengine, Pass Lake kwa mfano, ambayo ni ya nzi bandia peke yake, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Ukifika huko na chupa ya mayai ya samoni, umefanya matembezi tu.

Kanuni moja huwakamata wageni wengi. Kwa kawaida kiwango cha siku ni trauti watano. Ukivua kwa chambo, kila trauti unayemtoa majini anaingia katika hesabu, umrudishe usimrudishe. Sababu inaeleweka: samaki aliyemeza chambo hubeba ndoana hadi kooni, na wengi wa aina hiyo hufa baada ya kuachiliwa. Basi kama nia yako ni kuvua asubuhi nzima huku ukiwarudisha wadogo, acha chambo nyumbani, chukua spina (chambo bandia chenye bapa la chuma linalozunguka) au nzi. Kama nia ni kitoweo, chambo ndiyo njia fupi.

Leseni inahitajika kuanzia umri wa miaka 15. Tazama pia kama ziwa lako ni miongoni mwa yale yenye ndege aina ya loni wanaotaga, kwa kuwa huko machubwi madogo ya risasi yamekatazwa. Ndege hao huyameza na kufa kwa sumu yake. Nunua ya bati au ya tangsteni.

Hatua ya 2: Jua unamvua nani

Hapa ndipo penye siri yote ya siku ya ufunguzi, na ndipo wengi wanapoparuka haraka.

Ziwa la Aprili lina samaki wa aina mbili waliovaa ngozi moja. Wa kwanza ni trauti wa upinde wa mvua waliotoka kwenye vituo vya kufugia na kumwagwa ziwani wiki chache kabla ya ufunguzi, wengi wao wa inchi 10 hadi 12 (sentimita 25 hadi 30). Maisha yao yote wamekula chakula cha punje kinachodondoka juu ya maji. Hawajui mdudu wa ziwani ni nini. Wanatembea kwa makundi, karibu na uso wa maji, na kwa siku nyingi hawaendi mbali na pale lori lilipowamwaga, ambapo mara nyingi ni karibu na gati la kushushia mashua. Samaki huyu huvutwa na harufu, na huvutwa na kitu kinachomeremeta. Ana njaa na hana mashaka.

Wa pili ni mkaazi. Aliwekwa msimu uliopita akanusurika, au aliwekwa angali kifaranga cha kidole na kukulia humohumo ziwani. Huyu ndiye mwenye inchi 14 na zaidi, nyama yake nyekundu kwa ajili ya kamba wadogo wa maji baridi aliokula. Anajua visubi, tunutu wa kereng'ende na ruba. Gati analikimbia. Saa ya kelele hushuka chini au hujitenga kwenye ghuba isiyo na mashua.

Mashariki mwa milima ya Cascade yapo maziwa yanayotegemea zaidi vifaranga waliowekwa wadogo wakakua kwa chakula cha asili, na maji yake yana wadudu tele. Huko nzi bandia na chambo bandia kidogo cha rangi ya kiza huzaa zaidi. Magharibi, kwenye maziwa ya karibu na miji ambako lori hupita mara kwa mara, chambo chenye harufu ndicho mfalme. Ratiba ya kuweka samaki ziwani hutangazwa na idara, ziwa kwa ziwa, pamoja na idadi na ukubwa. Isome. Dakika kumi za kuisoma zina faida kuliko saa nzima dukani.

Hatua ya 3: Pima maji

Trauti wa upinde wa mvua hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi. Mwisho wa Aprili maziwa mengi ya nyanda za chini ndiyo kwanza yanaingia kwenye kiwango hicho, na tena ni maji ya juu tu. Maziwa yaliyo juu zaidi bado ni baridi kabisa. Kipimajoto kidogo cha kufunga kwenye kamba ni kifaa cha bei nafuu ambacho hakuna anayekionea fahari, nacho hueleza mengi.

Chini ya nyuzi 8, samaki ni mzito. Hakimbizi kitu. Chambo kilichotulia kinashinda, na ukivuta spina, ivute polepole hadi uchoke. Kati ya 10 na 14, kila kitu kinaweza kufanya kazi, nawe unachagua kwa starehe yako. Jua likishapanda, ufuko unaopigwa na upepo hupata maji ya vuguvugu ya juu yanayosukumwa kule pamoja na wadudu waliokufa, na samaki hufuata. Watu hukaa upande uliotulia kwa sababu ni raha kukaa. Samaki hana habari na raha yako.

Hatua ya 4: Chambo halisi na chambo cha kukandwa

Anayevua ukingoni aanze hapa. Kifaa ni kilekile kwa karibu kila chambo: mshipi unaohimili ratili 4 hadi 6 kwenye rili (gurudumu la kukunjia mshipi), chubwi lenye tundu linaloteleza juu ya mshipi, shanga ya kulinda fundo, kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, halafu kipande chembamba cha mshipi wa ratili 4 chenye ndoana mwishoni. Samaki akichukua chambo, mshipi unapita ndani ya chubwi na hasikii uzito wowote.

Urefu wa kile kipande cha mwisho ndio unaopanga kina. Chambo cha kukandwa kinachouzwa kwenye vichupa, PowerBait kikiwa ndicho maarufu zaidi, kimetengenezwa ili kielee. Chubwi linalala chini, chambo kinanyanyuka juu yake kadiri ya urefu wa kipande hicho. Anza na sentimita 60. Kama chini kuna majani, chambo cha sentimita 30 kimezikwa humo na hakuna anayekiona. Ongeza mpaka 90, hata mita moja na robo. Ikipita nusu saa bila kuguswa, usiguse rangi. Badilisha urefu kwanza.

Ndoana iwe ndogo kuliko unavyodhani: ya ncha tatu namba 16 au 18, au ya ncha moja namba 12 (kwa ndoana hizi, namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo). Finyanga donge la ukubwa wa njegere kubwa, lifunike ndoana yote, kisha lijaribu kwenye maji miguuni pako. Likizama, ndoana ni nzito mno au donge ni dogo mno. Jaribio hili la sekunde tano hurukwa na nusu ya watu ufukoni, ndiyo maana nusu ya watu ufukoni wanavua matope.

Kuhusu rangi, kijani-manjano kinachong'aa na ile ya mchanganyiko wa rangi nyingi zinatosha, na chupa ya tatu ya rangi ya chungwa kwa maji yenye uchafu. Zaidi ya hapo unampendeza muuza duka.

Nyungunyungu ndiye chambo pekee kinachowavuta samaki wa aina zote mbili kwa usawa, na akiwa mmoja tu wa kubeba, mbebe yeye. Usimtundike mzima kama shada. Mkate kipande cha sentimita 4 au 5, pitisha ndoana namba 8 au 10 mara moja tu, mkia ubaki ukichezacheza. Mwenyewe huzama, kwa hiyo ama umpulizie hewa kwa bomba la sindano lililotengenezwa kwa kazi hiyo, ama umfanye aelee kwa mashimelo dogo (peremende laini inayoelea) lililotangulizwa kwenye ndoana. Mashimelo na nyungunyungu ni ndoa ya zamani katika maziwa haya, na wazee hawajaona sababu ya kuivunja.

Mayai ya samoni ya chupa yana mahali pake pia. Kampuni ya Pautzke ya Ellensburg, humohumo Washington, imejenga jina lake juu ya mayai mekundu yanayong'aa. Yai moja au mawili kwenye ndoana fupi namba 12, chini ya boya. Ni chambo laini, hutoka ukirusha kwa nguvu, hivyo ni cha karibu, cha gati, na cha mtoto.

Na boya lenyewe? Litumie pale unapowaona samaki wakiruka au wakichora duara juu ya maji. Hao ni wageni wa lori, wako mita moja hadi mbili chini, na chambo kilicholala chini ya ziwa hawatakiona. Boya liwe jembamba. Lile duara jekundu na jeupe la ukubwa wa yai la kuku humfanya samaki autambue uzito na kutema kabla hujashika fimbo.

Samaki akimeza ndoana hadi kooni nawe hutaki kumchukua, kata mshipi karibu na mdomo. Usichokoe. Anayeachwa na ndoana ana nafasi kubwa ya kuishi kuliko aliyechokolewa.

Hatua ya 5: Spina na vijiko

Spina ni bapa dogo la chuma linalozunguka kwenye mhimili mbele ya ndoana. Mepps, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1938, ingali inauzwa kwa umbo lilelile, nayo Rooster Tail, yenye manyoya ya nyuma, ni mzaliwa wa Washington. Kwa ufunguzi chukua ndogo: namba 0 hadi 2, au uzito wa gramu 2 hadi 4. Wanaoanza hununua kubwa kwa sababu zinarushwa mbali. Samaki wa inchi 11 hana haja nazo.

Kasi ndiyo kila kitu. Vuta polepole kiasi kwamba bapa linakaribia kusimama, kisha ongeza kidogo tu, mpaka usikie mtetemo kwenye ncha ya fimbo. Hapo ndipo. Ukirusha, hesabu kabla ya kuanza kuvuta: spina ndogo huzama takriban sentimita 30 kwa sekunde. Rusha ya kwanza hesabu hadi tatu, ya pili hadi sita, ya tatu hadi kumi. Ukipigwa kwenye sita, rudi kwenye sita siku nzima. Mtu asiyehesabu anaweza kupata samaki mmoja, ila hataweza kumpata wa pili mahali palepale.

Kijiko, yaani kipande cha chuma kilichopinda bila bapa la kuzunguka, kinafaa maji ya kina na siku ya upepo kwa sababu ni kizito kwa umbo lake. Kijiko cha Kastmaster huruka mbali hata upepo ukiwa usoni. Vijiko vyembamba kama Dick Nite havirushiki peke yake, hivyo ni vya kurambaza, yaani kuburutwa nyuma ya mashua.

Rangi za chuma: fedha kwa jua na maji maangavu, dhahabu au shaba kwa mawingu, nyeusi au kijani-manjano kwa maji ya rangi ya chai. Inatosha. Funga spina kwa kiungo kinachozunguka, la sivyo baada ya saa moja mshipi utajisokota na asubuhi yako itaisha ukifungua mafundo.

Hatua ya 6: Kurambaza kwa mashua

Mwenye mashua, hata ya makasia, anafika walipo wakaazi. Njia ya kale ya maziwa haya ni mnyororo wa mabapa yanayometameta, kisha kipande cha mshipi cha sentimita 45, kisha ndoana yenye kipande cha nyungunyungu. Mabapa yanaiga kundi la samaki wadogo, nyungunyungu anamalizia kazi. Kwa asiyependa mzigo huo mzito, spina ya Wedding Ring yenye nyungunyungu mdogo, au chambo bandia kidogo cha Flatfish kinachotikisika chenyewe, hutosha.

Nenda polepole, karibu kilomita 2 kwa saa. Mota nyingi haziwezi kutulia hivyo, ndiyo sababu mwenye makasia hushinda: kila kasia likipumzika, chambo hushuka kidogo, likivuta, hupanda. Na usiende kwa mstari ulionyooka. Pinda kushoto na kulia. Kwenye kona, chambo cha upande wa nje kinaongeza kasi na cha ndani kinapunguza na kuzama. Fimbo ya ndani ikipigwa kila ukipinda, samaki wanakuambia upunguze mwendo au ushuke chini zaidi. Ya nje ikipigwa, ongeza.

Hatua ya 7: Nzi bandia

Nzi ni wa mkaazi, ingawa mgeni wa lori naye hujaribu chochote kinachosogea.

Ukibeba wawili tu, beba Woolly Bugger na Carey Special. Wa kwanza alifungwa na Russell Blessing wa Pennsylvania mwaka 1967, na kwa macho ya trauti anaweza kuwa ruba, tunutu wa kereng'ende au samaki mdogo, kutegemea unavyomvuta. Namba 8 au 10, nyeusi au kijani cha zeituni. Carey Special ametoka British Columbia, ng'ambo ya mpaka, na kwa manyoya yake marefu ya feasanti, ndege wa jamii ya kwale, anafaa kuburutwa taratibu nyuma ya mashua kwa mshipi unaozama. Wote wawili huvutwa kwa mwendo mfupi wa mkono, kisha kusimama. Wengi hupigwa wakati wa kusimama.

Siku za utulivu, ukiona ngozi tupu za visubi zikielea juu ya maji kama maganda ya mchele, ujue chakula kikuu ni pupa wao. Pupa hukusanyika chini kabla ya kupanda, na trauti husimama palepale akivuna. Funga nzi mwembamba wa namba 12 hadi 16, mweusi au mwekundu-damu, mwenye kichwa cha shanga nyeupe, chini ya boya dogo. Ili kupata kina, banika koleo dogo la kutolea ndoana kwenye nzi, lishushe mpaka ligonge chini, sogeza boya liwe sentimita 40 hivi chini ya uso wa maji, kisha toa koleo. Sasa nzi wako ananing'inia kimo hichohicho juu ya tope. Usimvute. Ni uvuvi wa subira, na boya likizama kidogo tu, nyanyua fimbo bila kujiuliza.

Huna fimbo ya nzi? Tumia fimbo ya kawaida na boya la plastiki angavu lililojazwa maji nusu, ambalo hutoa uzito wa kurushia. Weka mita moja na nusu ya mshipi mwembamba kati yake na nzi, vuta polepole mno. Samaki hajui umetumia fimbo gani.

Hatua ya 8: Mpango wa siku

Mapambazuko, karibu na gati, boya na yai au chambo cha kukandwa kwenye mita moja hadi mbili. Hapo unapata wageni kabla hawajatishwa.

Kuanzia saa mbili au saa tatu asubuhi mashua zimejaa, makundi yametawanyika na kushuka. Hamia kwenye chambo cha chini chenye kipande kirefu, au uondoke na mashua kwenda maji ya mita 4 hadi 8 ukarambaze. Huu ndio wakati ambao mtu husema "samaki wameacha kula". Wamehama.

Mchana, upepo ukianza, nenda ufuko unaopigwa ukarushe spina au kijiko sambamba na ukingo badala ya kuelekea katikati.

Kila mahali, mpangilio wa kubadilisha ni uleule: kina, kisha kasi, kisha ukubwa wa chambo, kisha aina, na rangi ikiwa umebakiwa na subira.

Ukimchukua samaki wa kwanza, mpasue tumbo palepale kama kanuni za eneo zinaruhusu kusafisha samaki hapo, ukamulie yaliyomo kwenye kifuniko cheupe chenye maji kidogo. Vipande vya mbao na majani ni alama ya mgeni anayeonja kila kinachoelea: endelea na harufu na mng'ao. Vijitu vyembamba vyeusi au vyekundu ni pupa wa visubi: toa boya na nzi. Kamba wadogo wa kijivu ni dalili kwamba uko juu ya majani ya chini, nzi wa kijani cha zeituni au kipande kidogo cha nyungunyungu kiende humo. Tumbo likiwa tupu kabisa, shuka kina kingine ujaribu tena, na samaki uliyenaye mweke kwenye barafu mapema, maana nyama ya trauti hulegea haraka kwenye jua.